Cheo Chako Hakinunui Maembe

Umeacha kazi ya kampuni kubwa Nairobi, umeanzisha yako changa, na bado kila salamu inaanza na cheo cha zamani. Kwa wawekezaji, sawa. Peter Njonjo alitoka Coca-Cola akaongoza Twiga Foods, na mwaka 2019 Goldman Sachs wakamwaga pesa. Lakini mama wa Kalamba, Makueni, cheo hicho akipeleke wapi? Embe likiiva halingoji. Broka anampunja, ndiyo, ila anakuja na pesa mkononi. Wewe unakuja na apu na ahadi ya siku 30! Mimi nasema kopa hata kwa shemeji, umlipe palepale kwenye mizani. Msimu ujao urudi. Na kule Kitui kwenye ndengu, acha slaidi nyumbani, beba magunia.