Mlinzi wa getini ahesabu hatua, asisome fulana

Leo nami nitie neno kwenye ule ubishi wa seva za simu za intaneti, maana naona kila mtu anashabikia dawa moja tu.

Ukiwasha seva ya Asterisk kwenye anwani ya wazi, poti 5060 ya UDP haikai muda mrefu bila wageni. Wanatuma maombi ya REGISTER mfululizo, wanabahatisha namba 100, 101, 102, kisha maneno ya siri. Wakipata akaunti moja tu wanapiga zile namba za nje za bei mbaya, na bili anaipokea mwenye seva. Kwa hiyo huu si utundu wa vijana, ni hela ya mtu.

Dawa inayosifiwa ni kuiambia iptables ichungulie ndani ya pakiti. SIPVicious, programu ya kupima usalama iliyotoka mwaka 2007, hujitambulisha kwa jina la "friendly-scanner". Unaandika sheria moja: pakiti yenye maneno hayo, itupe. Inasaidia kweli, kwa sababu pakiti inafia mlangoni kabla Asterisk haijahangaika kuijibu. Siipingi. Ila ni sawa na kumkamata mwizi aliyevaa fulana iliyoandikwa MWIZI. Akibadilisha fulana, keshapita.

Mimi nasema tumhesabu kwa vitendo. Fayawoli itafute neno REGISTER mwanzoni mwa pakiti, halafu hashlimit ihesabu kila anwani inatuma maombi mangapi kwa dakika. Anayezidi kikomo, pakiti zake zinatupwa, awe amejiita nani.

Sasa swali: hicho kikomo mnakitoa wapi? Wengi wananakili tu namba waliyoikuta mahali. Jamani, hesabuni kwanza watu wenu! Kwa kawaida simu halali inayojisajili hutuma REGISTER mara mbili: ya kwanza inarudishwa na jibu la 401, ya pili inakuja na uthibitisho. Chukua hosteli yenye simu 40 zinazotoka kwa anwani moja ya IP. Umeme ukatike, urudi: maombi 80 karibu kwa mpigo. Ukiwa umeweka 10 kwa dakika, wenzako wanakaa nje. Mwizi mvumilivu anayetuma matano kwa dakika yeye anapita tu.

Na msikimbilie kuifungia anwani siku nzima. Kwenye UDP mtu anaweza kughushi anwani ya mtumaji, ukajikuta umemfungia rafiki kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu: anwani mnazozijua zipewe kikomo chao kikubwa, na nafasi ya kutosha kwa ule mpigo wa umeme kurudi. Wageni wabanwe. Sheria ya "friendly-scanner" ibaki, ni ya bure. Halafu ndani ya Asterisk fungeni simu za kimataifa kwa asiyezihitaji, ili hata mwizi akiingia asikute cha kuuza.

Fayawoli inapunguza fujo mlangoni. Haiwezi kuligeuza neno la siri la 1234 likawa imara, hiyo kazi ni yetu.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje na namba zake tubishane.