Safari za Mbali: Keswick, Mji Kati ya Ziwa na Milima

Safari yetu ya mwezi huu yatupeleka kaskazini ya Uingereza, katika nchi ya Cumbria, mpaka mji mdogo uitwao Keswick. Mji huu umekaa kati ya mlima Skiddaw, wenye kimo cha futi 3,054, na ziwa liitwalo Derwentwater. Ziwa lenyewe si kubwa: urefu wake ni kama maili 3, na upana wake kama maili 1. Mtu aliyezoea kuitazama Nyanza au Tanganyika huenda akacheka akisikia kwamba hilo nalo huitwa ziwa. Lakini limezungukwa na milima, na ndani yake mna visiwa vidogo vyenye miti, na watu hutoka mbali sana ili kulitazama na kupumzika kando yake. Wageni walizidi sana reli ilipofika mwaka 1865. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1972, na sasa msafiri hushuka garimoshi katika mji wa Penrith, kisha hupanda basi.

Wakati mzuri wa kwenda ni mwezi wa Septemba. Wenyeji wa nchi zile huhesabu majira manne, na Septemba ni mwanzo wa majira ya majani kupukutika. Watoto wamekwisha kurudi shuleni, na wingi wa wageni wa kiangazi umepungua. Asubuhi ukungu hulala juu ya maji. Jua likipanda, vilele vya milima huonekana kwanza, kisha visiwa. Mialoni ingali na majani mabichi, bali magugu ya mlimani yamegeuka rangi ya kutu. Makanisani hufanywa Sikukuu ya Mavuno, na watu huleta maboga, matofaa na mikate mbele ya madhabahu, kama sisi tuletavyo mahindi na ndizi. Lakini mgeni asisahau koti la mvua. Seathwaite, kijiji kilicho maili chache kusini ya ziwa, hupata mvua ya zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka.

Walimu watapenda kusikia habari ya Seathwaite kwa sababu nyingine pia. Katika karne ya 16 watu walivumbua katika milima ile madini meusi laini, yaachayo alama yakisuguliwa. Wachungaji walitia nayo alama kondoo zao. Baadaye yalikatwa vipande vyembamba, yakatiwa katika vijiti, na hivyo zikapatikana penseli. Thamani yake ilipanda sana hata mwaka 1752 ikatungwa sheria ya kuwaadhibu wezi wa madini hayo. Kiwanda cha penseli kilianza Keswick mwaka 1832, na ijapokuwa kazi hiyo ilihamishwa mwaka 2008, nyumba ya makumbusho ya penseli imebaki mjini.

Sasa na tupande mashua tuzunguke ziwa. Kisiwa kimoja huitwa kwa jina la Mtakatifu Herbert. Beda, aliyemaliza kuandika historia ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, atuambia kwamba Herbert alikaa kisiwani peke yake katika sala, na kwamba kila mwaka alikwenda kuonana na rafiki yake Cuthbert, Askofu wa Lindisfarne, ili kupokea mashauri yake. Walipoonana mara ya mwisho, Cuthbert alimwambia kwamba siku zake za kufa zimekaribia. Herbert akalia, akamsihi amwombee kwa Mungu ili wasiachane. Nao walifariki siku moja, tarehe 20 Machi 687, kila mtu mahali pake.

Jina la Keswick lajulikana na Wakristo wengi kwa ajili ya mkutano wake. Mwaka 1875 Kasisi Harford-Battersby, wa kanisa la Mtakatifu Yohana mjini, pamoja na rafiki yake Robert Wilson, mtu wa jamii ya Quaker, walisimamisha hema, wakawaalika watu waje kusoma Biblia na kuomba. Mkutano huo hufanywa hata leo katika kiangazi, na neno lake kuu limetoka katika Wagalatia 3:28, kwamba wote ni mmoja katika Kristo. Mafundisho yake yalifika mpaka kwetu. Wengi wa wamisionari waliokwenda Ruanda walikuwa wamelelewa katika mafundisho hayo. Na mmoja wao, mganga Joe Church, alikutana na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala, mwezi wa Septemba 1929. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho ulioenea baada ya hapo Ruanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, wazee wengi wa makanisa yetu waujua, maana ndio uliowaita walokole.

Lakini liko jambo moja ambalo mgeni atembeaye kando ya ziwa hili aweza kulipita asilione. Huenda kwa miguu ufuoni, huingia mwituni, huketi juu ya jiwe akale chakula chake, wala hakuna mtu amwulizaye kwa idhini ya nani. Hudhani kwamba ndivyo ilivyo tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Sivyo hata kidogo.

Wageni walipozidi, thamani ya ardhi nayo ilizidi. Wenye mali walitaka kujenga nyumba zao mahali pazuri, na wengine walizifunga njia ambazo watu walikuwa wakizitumia siku zote. Juu ya kilima cha Latrigg, karibu na mji, njia zilizibwa. Basi mwaka 1887, tarehe 1 Oktoba, watu wapata 2,000 walipanda kilima kile pamoja, wakiimba, ili kuonyesha kwamba njia ni ya watu wote. Shauri lilikwenda mbele ya hakimu, na mwisho wake wakapatana, njia ya kilimani ikafunguliwa.

Mmoja wa waliosimamia haki hiyo alikuwa Kasisi Hardwicke Rawnsley, aliyelichunga kanisa la Crosthwaite, lililo pembeni mwa mji, tangu mwaka 1883 mpaka 1917. Yeye aliona kwamba kugombea njia moja moja hakutoshi. Mwaka 1895, pamoja na Bibi Octavia Hill na Bwana Robert Hunter, alianzisha chama kiitwacho National Trust, maana yake Amana ya Taifa, ili kipokee ardhi na kuitunza kwa faida ya wote. Kisha ufuo wa Brandelhow, upande wa magharibi wa ziwa, ulitangazwa kuuzwa, na ilionekana wazi kwamba utajengwa nyumba za matajiri. Ulikuwa eka 108, na bei yake pauni 6,500. Fedha hizo zilipatikana kwa muda wa miezi mitano, na mwezi wa Oktoba 1902 mahali pale pakafunguliwa kwa watu wote.

Ndugu, ni nani waliotoa? Matajiri walitoa, ni kweli. Lakini yasimuliwa pia habari ya mfanyakazi mmoja wa kiwanda aliyetuma shilingi chache. Aliandika kwamba maisha yake yote ametamani kuyaona maziwa yale, na sasa ajua hatayaona kamwe. Hata hivyo apenda kusaidia yatunzwe kwa ajili ya wengine.

Tulifikiri neno hili. Si vigumu kutoa kwa ajili ya kanisa tutakalosali ndani yake, wala kwa shule watakayosoma watoto wetu. Mtu yule alitoa kwa ajili ya mahali ambapo mguu wake hautakanyaga, na kwa watu asiowajua majina. Rawnsley naye alifariki mwaka 1920, akazikwa Crosthwaite, na baada yake rafiki zake wakainunua rasi ya Friar's Crag, iliyo kando ya ziwa, wakaitoa iwe ukumbusho wake. Jioni ya Septemba watu huketi pale wakatazama jua likishuka nyuma ya milima. Wengi wao hawakutoa hata senti moja.

Kwetu nako ziko chemchemi ambazo kijiji kizima huteka maji, na njia za kwenda mtoni, na miti ya kivuli mbele ya shule iliyopandwa na mwalimu ambaye hayupo tena. Twavitumia vitu hivi kila siku kana kwamba havina mwenyewe. Kisha siku moja mtu mwenye nguvu hutia ua, au hukata mti, na kila mmoja husema, si shauri langu. Mkristo asiseme hivyo. Aliyekunywa maji ya kisima cha wengine ana deni, wala deni hilo hawezi kuwalipa waliokichimba; atawalipa wajao nyuma yake.

Jioni mkiisha kula, someni pamoja Mwanzo 26, habari ya Isaka na visima vya baba yake, na 1 Wafalme 21, habari ya shamba la Nabothi. Kisha baba au mama awaulize watoto: katika mtaa wetu, ni kisima gani, ni njia gani, na ni mti gani tulioachiwa na waliotutangulia? Na katika nyumba hii, ni nani atakayekwenda kuutazama wiki hii kama ungali salama?