Tashihisi ya Nani? Dhidi ya Kuhesabu Tamathali

Kuhesabu tamathali za usemi si kuhakiki shairi. Nasema hivi nikijua kwamba wengi wetu tunafaulu mitihani kwa kuhesabu. Tukipewa shairi la William Wordsworth, "I Wandered Lonely as a Cloud", tunaandika: beti nne za mishororo sita, tashbihi, mshairi anajifananisha na wingu, tashihisi, maua yanacheza, chuku, maua elfu kumi, dhamira, uzuri wa maumbile. Tunapata alama, tunafunga daftari.

Orodha hiyo haina kosa, na ndiyo sababu inapotosha. Haituambii tamathali hizo zinafanya kazi gani, wala zinamficha nani.

Tuchukue upweke. Tarehe 15 Aprili 1802, kando ya ziwa Ullswater, Wordsworth hakuwa peke yake. Alikuwa na dada yake, Dorothy, aliyeyaeleza matembezi hayo katika shajara yake. Kwa Dorothy upepo ulikuwa mkali, na miongoni mwa maua yalikuwamo yaliyoegemea mawe kama yaliyochoka. Shairi lilipochapishwa mwaka 1807, dada hayumo, upepo umekuwa mwanana, na maua yote yana furaha. Kwa hiyo tashbihi ya wingu si pambo. Ndiyo iliyomwondoa Dorothy. Tashihisi nayo haikuyapa maua uhai tu. Iliyachagulia hisia moja, ikaacha nyingine. Dhamira basi ni zaidi ya uzuri wa maumbile. Ni mtu kujitengenezea maumbile yatakayomliwaza baadaye, akiwa amejilaza nyumbani.

Wapo watakaosema shairi hilo litupwe, kwa kuwa maua yale si ya Juba. Watautaja waraka wa mwaka 1968, ambao Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, huyu huyu aliyekuja kufundisha Chuo Kikuu cha Juba, walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe. Lakini wazee hao walidai Afrika iwe kitovu cha masomo. Hawakudai fasihi ya wengine izikwe. Kitovu ni mahali pa kusimama unapotazama.

Basi tusimame hapa Buluk, ambako maji ya Nile huletwa na boza na kuuzwa kwa pipa. Tuufuate mto huo kuelekea kaskazini hadi kinamasi cha Sudd. Huko magugu maji huelea na maua yake ya zambarau. Mgeni aliyeketi ukingoni ataandika kwamba yanacheza juu ya maji: tashihisi. Mvuvi ambaye magugu hayo yamemzibia njia ya mtumbwi atasema ni adui asiyelala: tashihisi pia. Kwenye karatasi ya mtihani zote mbili zina alama sawa. Lakini moja imesemwa na aliyekuja kutazama, nyingine na aliyekuja kutafuta chakula. Asiyeona tofauti hiyo hajasoma chochote.

Wahadhiri wetu, lifuteni swali la "taja tamathali tano". Tuulizeni: ni nani anayetazama, ana kazi gani mahali hapo, na tamathali yake imemwacha nani nje? Mtasema madarasa yamejaa na majibu ya namna hiyo ni magumu kusahihisha. Ni kweli, orodha husahihishwa upesi. Lakini wepesi wa kusahihisha ni faida ya msahihishaji, si ya msomaji tunayetaka kumlea.

Na wenzangu mnaodhani huu ni ugomvi wa darasani tu, fikirini. Nchi yetu huandikwa sana na watu wanaopita. Siku moja mtaletewa ripoti isemayo kwamba ardhi fulani "imelala", inangoja kuamshwa. Aliyefunzwa kuhesabu atapiga mstari, aandike "tashihisi", aendelee na ukurasa unaofuata. Aliyefunzwa kusoma atauliza ni nani anaichunga, anaivuna na kuzika wazee wake katika ardhi hiyo inayoitwa yenye usingizi.