Klipu za Mipira ya Rejeta Zisidharauliwe

Msafiri atokaye Mkoani kwenda Konde kwa gari la shamba hukosi cha kutazama: bodi la mbao lililopakwa rangi upya, na maneno yaliyoandikwa kwa ustadi juu ya kioo cha mbele. Asichokiona ni kile kipande cha chuma chenye skrubu moja, chembamba kama kidole, kinachoushika mpira wa rejeta mahali pake. Hicho kikikatika njiani, rangi na maneno hayatamfikisha mtu popote.

Tunayaandika haya kwa kuwa mafundi wa Unguja na Pemba wana sifa ya miaka mingi ya kuunda magari kwa mikono yao. Huchukua chesisi na injini ya lori dogo la Kijapani, seremala akajenga bodi, na makanika akaunganisha mabomba. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini aghalabu mwenye gari hulipia mbao na rangi bila ya kunung'unika, kisha akabishana na fundi kutwa nzima kwa ajili ya klipu nne.

Mwandishi wa safu hii alikuwamo katika gari moja lililochemsha kabla ya kufika Wete, na miongoni mwa abiria alikuwamo mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali. Mpira wa chini ulikuwa umechomoka. Dereva aliufunga kwa waya na vipande vya tyubu, akatia maji ya kisima. Mama yule, tunashukuru, alichukuliwa na gari jingine akafika salama. Injini haikusalimika, silinda hedi ilikwisha kupinda.

Adui wa vyuma katika visiwa vyetu ni chumvi. Klipu ya chuma cha kawaida kilichopakwa zinki hung'aa dukani, lakini hewa ya bahari ikishaila, skrubu hugoma kugeuka au ukanda hukatika wenyewe. Ifaayo ni klipu ya chuma kisichoshika kutu, nayo iwe hivyo yote, kwani ziko nyingi ambazo ukanda wake ni mzuri na skrubu yake ni duni. Mnunuzi achukue sumaku ndogo: ikiuacha ukanda na kuing'ang'ania skrubu, basi airudishe klipu hiyo kwa muuzaji. Na ukanda uliotobolewa matundu huukata mpira. Bora ule uliobonyezwa tu, wenye kingo zilizokunjwa.

Hata hivyo, klipu njema haitafaa kitu juu ya bomba baya. Bomba la kiwandani huwa na ukingo ulioinuka kidogo mwishoni, ili mpira usiteleze. Fundi akikata kipande cha bomba na kukiacha laini, mpira utachomoka siku moja, kwani maji ya rejeta husukuma. Mfuniko wa rejeta katika magari mengi ya Kijapani hufungia shinikizo la kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba, na ndiyo sababu maji yale huweza kukaribia nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Wala yasitumike mabomba ya maji ya nyumbani yaliyopakwa zinki, maana zinki hiyo huliwa upesi na kulanti na kuacha uchafu unaoziba rejeta.

Vijana siku hizi wanapenda mipira ya silikoni ya rangi ya buluu. Hatuwakatazi. Inastahimili joto sana, lakini haipatani na mafuta, na bei yake ni kubwa. Mpira mweusi wa kawaida, uliotengenezwa kwa kazi ya rejeta hasa, unatosha kwa gari la abiria, ilimradi ukaguliwe. Nao huanza kuoza kwa ndani, karibu na viungo, huku nje ukionekana mpya. Fundi aubonyeze kwa vidole injini ikiwa baridi, na akiona ncha zimelegea kuliko katikati, aubadilishe.

Kuhusu kulanti, wako wanaodhani kuwa ni dawa ya baridi ya Ulaya tu. Sivyo. Imo ndani yake dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo tunayoihitaji sisi, hasa pale ambapo maji ya visima vya pwani yana chumvi.

Sasa tunawageukia wakubwa. Magari ya wagonjwa, ya shule na ya maofisi nayo yanakula hewa hii hii ya bahari. Zabuni ya vipuri ikitaja "klipu" tu bila ya kueleza ni za chuma gani, mzabuni ataleta zilizo rahisi, na kwa mujibu wa karatasi atakuwa hana kosa. Tunaomba waandikao zabuni hizo wataje chuma kisichoshika kutu, ukanda na skrubu, pamoja na upana unaotakiwa. Wakaguzi wa magari nao wafungue boneti na kushika mipira kwa mikono yao, badala ya kuridhika na taa na honi.

Na kwa kuwa kipuri kinachokosekana Pemba huweza kusubiri meli, kila gari la wagonjwa kisiwani humo lichukue mpira wa juu, mpira wa chini, klipu nne na bisibisi, viandikwe katika daftari la gari na kuhesabiwa kila dereva anapokabidhi zamu.