Kushua Mashua Ziwani

Mgeni afikaye Magadi baada ya mvua huona maji yameenea mbali, akadhani hapo ndipo mahali pa kutweka tanga. Sivyo. Maji yale ni haba, na chini yake mna tabaka nene la magadi, gumu kama sakafu. Tangu mwaka 1911, kampuni ya magadi ilipoanzishwa, ziwa hilo limekuwa la kuchimbwa, wala si la kusafiria.

Kwa hiyo mtu wa Magadi au Kitengela aliye na mashua ndogo hana budi kuikokota mbali. Zamani angeweza kuishia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ambako matanga yalionekana hata gugu maji na taka zikalifunga. Sasa safari yampeleka Naivasha.

Hasara nyingi za siku hiyo huanzia nyumbani. Kizibo cha tundu la kutolea maji si kikubwa kuliko kidole gumba, lakini kikisahauliwa Kitengela safari yote ni bure, maana ufukoni hakuna duka la vizibo. Kasia, kamba na kopo la kuchotea maji vihesabiwe, na kila abiria awe na jaketi la kuelea, hata yule ajisifuye kwa kuogelea. Kadhalika yafaa kupiga simu mapema na kuuliza hali ya ziwa. Mwaka 2020 maji ya Naivasha yalipanda sana, yakafunika nyua na miti ya kandokando; na nguzo iliyozama haimwonyi mtu.

Afikapo kwenye mteremko wa kushulia, mwenye mashua atazame juu kwanza, kwa kuwa mlingoti ukigusa waya wa umeme huua. Kisha asimame kitambo autazame upepo.

Upepo utokao nchi kavu humdanganya mwanafunzi. Karibu na ufuko maji ni shwari, na mashua yateleza yenyewe. Huko mbele mawimbi huzidi, na ndipo atambuapo kwamba kurudi ni kwenda joshi, kazi asiyoijua bado. Wavuvi wa Nyanza hutoka alfajiri kwa upepo wa bara, lakini wao wanajua kwamba alasiri upepo wa Ziwa Viktoria utawarudisha. Mwanafunzi wa Naivasha asitegemee ahadi kama hiyo. Huko asubuhi mara nyingi ni shwari, na alasiri upepo hupata nguvu. Basi aanze mapema, aelekee kwanza kule upepo utokako, naye arudi kabla ya saa sita ya mchana.

Wakati wa kutweka tanga, omo ielekee upepo na demani iachwe huru, mwenzake akiishika mashua. Usukani hutiwa maji yakiwa na kina cha kutosha. Akiisha kuondoka, ajitenge na mafunjo, maana viboko hupenda kujificha humo.

Mashua ikipinduka, watu waishikilie. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na wengi waliokufa maji walikuwa wameiacha mashua ingali ikielea. Mtu aliyebaki nchi kavu awe amekwisha ambiwa saa ya kurudi, na saa hiyo ikipita asingoje giza ndipo aite msaada.