Inawaka, Lakini Unaielewa?

Wenzangu wa uhandisi, na nyinyi wa sheria mnaopenda kesi, hebu tuongelee vali. Kabla ya transista, redio ilitumia vitaa vya kioo vilivyotolewa hewa, ndani yake uzi unaopata moto na kutoa elektroni. Vali ya kwanza aliitengeneza John Ambrose Fleming wa Uingereza mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza gridi katikati, akaiita Audion. Kijiwaya hicho ndicho kilicholeta mambo: volti kidogo kwenye gridi inaongoza mkondo mkubwa, na ishara hafifu inakuzwa.

Sasa sikilizeni. De Forest hakukielewa vizuri kitu chake mwenyewe. Aliamini lazima gesi kidogo ibaki ndani, kumbe vali ikitolewa hewa sawasawa ndiyo inatulia. Aliyekaa akaipima ni mwanafunzi, Edwin Armstrong wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1912 alirudisha kwenye gridi sehemu ya ishara iliyokwisha kukuzwa, ikakuzwa tena na tena, redio ikanasa stesheni za mbali. Baba yake akagoma kumpa hela ya hataza mpaka ahitimu (mnaowajua wazazi mnaelewa). Januari 1913 akapeleka mchoro wake ukagongwe muhuri.

Kesi ikavutana miaka. Mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi de Forest. Armstrong akataka kurudisha medali aliyopewa na chama cha wahandisi wa redio. Chama kikakataa kuipokea.

Mimi niko upande wa Armstrong, kwa sababu kesi hii tunayo hapahapa chuoni. Miradi ya mwaka wa mwisho inasahihishwa kwa swali moja: inawaka? Watu wananunua sakiti mjini ikiwa tayari, wanabandika jina, wanapata A. Aliyekesha maabara akipima, sakiti ikamgomea siku ya wasilisho, anaondoka na C.

Mtasema mwajiri anataka kitu kinachofanya kazi. Sawa. Hata Audion ya de Forest ilifanya kazi, ila kiduchu, mpaka alipokuja mtu wa kuielewa.

Basi nusu ya maksi iwe ya kueleza ubaoni, bila slaidi, na msimamizi asaini daftari la vipimo kila wiki. Wawakilishi wetu, lipelekeni hili kwenye kikao cha idara kabla fomu za miradi hazijatoka.