Mwenye gitare naye anakulaka

Jioni ukipita Kenya ao Kamalondo, haikosi utasikia kijana na gitare yake, peke yake, bila orkestra, bila mutu wa kumulipia studio. Anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe, anajirekodi na telefone. Wengi wanapita wakisema: huyu hana kazi. Siye tunasema: kazi njo hiyo. Na kwetu Katanga haikuanza leo.

Tukumbuke Mwenda Jean-Bosco, mutoto wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Alikuwa na gitare moja, vidole viwili vya mukono wa kuume, na Kiswahili chetu hiki cha kila siku. Mwaka wa 1952, Hugh Tracey alipita Jadotville, njo Likasi ya leo, na mashini yake ya kurekodi. Hapo ilitoka "Masanga". Disque ile ilivuka mipaka, ikafika mpaka Nairobi na Ulaya. David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu kule London, alikaa chini akaandika nota zake moja moja. Mwaka wa 1969, Mwenda alipanda jukwaa la Newport, kule Marekani, mahali pa wakubwa wa muziki wa gitare. Kijana wa Bunkeya!

Lakini tusidanganyane. Hata yeye hakutegemea gitare tu. Alifanya kazi za biro, akasimamia orkestra, akafungua hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Mwaka wa 1990 alikufa katika aksida ya gari, kule kule Zambia. Kama mutu wa sifa kama ile alihitaji kazi ingine pembeni, huyu kijana wa leo ataishi namna gani?

Sheria iko. Ordonnance-loi nambari 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986 inamulinda mutungaji. SOCODA nayo iko. Kinachokosekana ni sisi wenyewe kuheshimu jasho la mwenzetu. Mwenye bar analipa bia, analipa umeme, analipa mulinzi. Kwa nini paka mupiga gitare njo anaambiwa: kunywa moja, tutaonana? Wengine watatujibu kwamba makuta haiko. Sawa, lakini ile bia inauzwa juu ya nani? Wateja wanabakia mpaka usiku juu ya ule wimbo.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu. Wenye bar, mupatane bei mbele ya wimbo wa kwanza, na mulipe usiku ule ule. Wenzetu wa radio, mukipiga wimbo, mutaje jina la mutungaji. Haiombe hata franga moja. Na ninyi vijana, muandike nyimbo zenu na muzipeleke kwenye SOCODA mbele ya kuzipatia mutu mwingine. Neno la mudomo halina ushuhuda.

Wazee wenye kujua bado upigaji ule wa vidole viwili wako katikati yetu. Wazungu walitoka mbali kuja kuujifunza. Itakuwa haya kubwa kama siku moja mutoto wa Likasi atalazimika kupanda ndege kwenda kuutafuta kwao.